Skrini inahisi kidole kabla hakijagusa: niweke kizingiti kwenye namba ngapi?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nimetengeneza meza ya kugusa. Juu kuna bamba la akriliki lenye upana wa mita moja na karatasi ya kutawanya mwanga, chini kuna projekta, taa nne za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) na kamera ya PlayStation Eye niliyoitoa kichujio chake cha kuzuia infraredi. Programu ya kutafuta vidole kwenye picha ya kamera ni Community Core Vision. Katikati ya skrini kidole kinahesabiwa kimegusa kikiwa bado hewani, sentimita mbili hivi. Pembeni lazima nikandamize mpaka kidole kiume. Kuna sehemu nne hazisikii kabisa hata nikipiga kiganja. Nikishusha kizingiti, ile namba ya mwanga ambayo mguso lazima uivuke, pembe zinaamka lakini katikati panachanganyikiwa. Nikipandisha, inakuwa kinyume. Halafu alama inatetemeka hata nikituliza mkono, na baada ya nusu saa madoa yanatokea yenyewe bila mtu kugusa. Niweke namba ngapi? Au niachane na taa ninunue leza?

Jibu: Salama, ndugu yangu, na hongera kwa kufika hapo. Wengi huishia kwenye kukata mbao.

Namba unayoitafuta haipo. Ingekuwepo ningekuandikia mstari mmoja tukaagana. Meza yako ina tatizo la mwanga, nawe unalitibu kwa kizingiti, na kizingiti ni shuka fupi: ukivuta kichwani, miguu inabaki nje.

Tuanze na kile kompyuta inachokiona, maana yenyewe haijui kidole ni nini. Kamera inaipa picha ya kijivu ambayo kila pikseli yake, yaani kila kinukta, ina namba, kuanzia 0 ambayo ni giza totoro hadi 255 ambayo ni weupe uliofika mwisho. Ulipoiwasha, programu ilihifadhi picha ya skrini tupu. Hiyo ndiyo mandharinyuma. Kila fremu mpya, yaani kila picha mpya ya kamera, inapoingia, programu inaitoa mandharinyuma, na kinachobaki inakipima kwa kizingiti. Pikseli iliyovuka inapakwa nyeupe, ambayo haikuvuka inapakwa nyeusi. Weupe ulioshikana ni doa, na doa lenye ukubwa unaokubalika ndilo linaloitwa kidole. Basi. Hakuna uchawi mwingine.

Sasa tupige hesabu kwa namba za mfano, uone kwa nini unazunguka palepale. Tuseme katikati, mahali mwanga wa taa zako unapokutana, kidole kilichogusa kinaongeza 50 juu ya mandharinyuma, na kilicho hewani sentimita mbili kinaongeza 25. Pembeni, ambako mwanga umechoka, kidole kilichogusa kinaongeza 18 tu. Weka kizingiti 30: katikati pametulia, pembe zimekufa. Weka 15: pembe zimefufuka, lakini kile kidole cha hewani chenye 25 nacho kimeshavuka. Wewe unataka namba iliyo chini ya 18 na papo hapo iwe juu ya 25. Hata ukikesha ukiburuta ule mstari kushoto na kulia, namba hiyo huipati.

Ndiyo maana pia namba za watu wengine hazikusaidii. Nyingi zimeandikwa na wenye meza za aina ile iliyopata umaarufu baada ya kazi ya mtafiti Jefferson Han ya mwaka 2005, ambamo taa zinapigwa ubavuni mwa akriliki. Mwanga unaingia ndani ya bamba, unadunda juu na chini bila kutoka, hadi kidole kinapogusa uso wake. Hapo ndipo unatoroka na kushuka kwenye kamera. Kidole kilicho hewani karibu hakionekani kabisa. Mwenye meza hiyo anashusha kizingiti chake bila wasiwasi kwa sababu nyuma ya doa lake kuna giza. Yako inamulika kutoka chini. Inaona kila kinachokaribia: kidole, kiganja, mkono wa shati, hata uso wa mtu aliyeinama kusoma. Mimi niliwahi kupoteza jioni nzima nikitafuta doa kubwa lililokuwa likinifuata kila nikizunguka meza. Lilikuwa shati langu. Kwa macho ni jeusi tititi, ila rangi nyingi nyeusi za nguo zinaurudisha mwanga wa infraredi vizuri tu, na kwenye kamera nilikuwa nimevaa kanzu.

Kazi ya kwanza haipo kwenye Community Core Vision kabisa. Ipo kwenye draiva ya kamera, ile programu inayoiendesha. Zima kila chenye neno otomatiki: geini, eksposha, uwiano wa rangi nyeupe. Kamera inayojirekebisha yenyewe ni adui wa meza ya kugusa, kwa sababu watu watatu wakiweka mikono yao kwa pamoja, kamera inaona picha imekuwa na mwanga mwingi, inajipunguza, na skrini nzima inakuwa nyeusi kuliko mandharinyuma iliyohifadhiwa. Wakiondoa mikono, inajiongeza tena, na kwa muda mfupi skrini yote ni nyeupe kuliko mandharinyuma. Programu inaona madoa mia. Ukilaumu kizingiti hapo, unakionea.

Baada ya kuzima, panga kwa mkono. Anza na geini ikiwa chini kabisa, kisha ongeza eksposha hadi picha ionekane. Usifanye kinyume. Eksposha inakusanya mwanga wa kweli. Geini inazidisha namba zilizopo, pamoja na zile chenga unazoziona zikichemka kwenye picha ya giza. Mpaka wa eksposha ni muda wa fremu moja: ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16 na kidogo, huwezi kuomba zaidi ya hapo. Ikiwa kwa eksposha kamili bado kuna giza, hitaji lako ni taa, na geini haitaziba pengo hilo.

Twende kwenye zile sehemu nne zisizosikia kabisa. Taa nne, sehemu nne. Hilo ulikuwa unalijua, ila hukulitazama. Washa mwonekano wa picha ghafi, ile isiyochujwa, uangalie hapo bila kugusa chochote. Nina hakika kubwa utakuta duara nne nyeupe kabisa: ni taa zenyewe zikijitazama kwenye uso wa chini wa akriliki kama mtu anavyojitazama kwenye dirisha usiku. Pikseli za pale zimeshafika 255. Kidole kikija juu yake kinaongeza mwanga, lakini namba haina pa kwenda. 255 toa 255 ni 0, na sifuri haivuki kizingiti chochote duniani. Hata kiganja hakitafua dafu.

Tiba yake ni ya bisibisi. Geuza taa zisitazame skrini moja kwa moja. Zielekeze kwenye kuta za ndani za sanduku, au sakafuni mwake, mwanga upige huko kwanza ndipo upande juu. Kuta zikiwa zimepakwa rangi nyeupe isiyong'aa, sanduku zima linakuwa taa moja kubwa laini. Utapoteza nguvu ya mwanga, hilo halikwepeki, na huenda ukahitaji taa zaidi. Nakushauri taa nyingi dhaifu zilizotawanywa kuliko chache zenye nguvu, hata kama jumla ya nguvu ni ileile. Ukishindwa kuzigeuza, bandika kipande cha karatasi ya kufuatishia michoro mbele ya kila taa, mbali kidogo isiungue.

Usinielewe kwamba lazima mwanga uwe sawa kila mahali. Hautakuwa. Pembe siku zote zitakuwa dhaifu, kwa sababu ziko mbali na taa, na pia kwa sababu lenzi pana zenyewe hupunguza mwanga ukingoni. Meza ya kwanza ya Microsoft Surface, iliyotangazwa mwaka 2007, ilikuwa na skrini ya inchi 30 tu na bado walitumia kamera tano chini yake. Wewe una moja na mita nzima. Tunachotafuta ni kitu kidogo zaidi: kidole kilichogusa mahali dhaifu kuliko pote kiongeze namba kubwa kuliko kidole cha hewani mahali penye nguvu kuliko pote. Siku ukifika hapo, kizingiti kitajiweka chenyewe.

Utajuaje umefika? Pima, usikisie. Chukua karatasi, chora mraba wenye vyumba tisa: pembe nne, katikati ya kila upande, na katikati yenyewe. Piga picha ya dirisha la programu skrini ikiwa tupu. Kisha weka kidole kwenye chumba cha kwanza, uguse kawaida, bila kukandamiza, upige picha nyingine. Fungua picha zote mbili kwenye programu yoyote ya kuhariri picha yenye kile kitone cha kuchukulia rangi, usome namba ya pikseli ileile katika zote mbili. Tofauti yake ndiyo nguvu ya mguso pale. Rudia kidole kikiwa juu sentimita moja. Kukiweka mwishoni mwa rula iliyosimamishwa kunasaidia kisicheze. Fanya hivyo vyumba vyote tisa. Inachukua kama robo saa, inachosha, na ndiyo robo saa pekee katika kazi hii yote ambayo sijawahi kuijutia. Ukimaliza unazo safu mbili za namba: za mguso na za hewani. Tafuta ndogo kuliko zote kwenye safu ya mguso na kubwa kuliko zote kwenye safu ya hewani. Ikiwa ya mguso ni 40 na ya hewani ni 22, kizingiti chako ni 31 au karibu na hapo. Ikiwa ya hewani ndiyo kubwa, rudi kwenye taa. Usiguse programu.

Kuna jambo moja la programu linaloweza kukuokoa kwenye tatizo la kidole cha hewani, na ndilo watu hulipita bila kulielewa: kichujio kinachopitisha vitu vidogo na kuzuia vikubwa. Kwenye Community Core Vision kina mistari miwili ya kuburuta, wa ukungu na wa chenga. Kinavyofanya kazi ni hivi: kinatengeneza nakala ya picha iliyotiwa ukungu mzito, kisha kinaitoa kwenye picha halisi. Kitu kipana na chenye kingo laini, kama kivuli cha kiganja, kinafanana na nakala yake yenye ukungu, kwa hiyo vikitoana hakibaki kitu. Kitu kidogo chenye kingo kali hakifanani na nakala yake, kwa hiyo kinabaki. Na hapo ndipo ile karatasi yako ya kutawanya mwanga inapolipa: kidole kilichogusa kinaonekana doa dogo kali, kikipanda sentimita mbili karatasi inakitawanya kuwa wingu. Hapo unatenganisha mguso na hewa kwa ukali wa kingo, na mwangaza peke yake hautegemewi tena. Mstari wa ukungu uweke upana ulio mkubwa kidogo kuliko kidole na mdogo kuliko kiganja. Ukiuweka mdogo mno, kidole chenyewe kinatobolewa katikati na kubaki pete, na utashangaa kidole kimoja kimezaa madoa mawili. Ule wa chenga unafanya kazi ya kusafisha punje ndogo baada ya hapo. Uupandishe taratibu na kusimama punje zinapotulia. Na ule wa kukuza mwanga usiushike mwanzoni. Unazidisha kila kitu, kidole na uchafu pamoja. Unafaa tu pale picha iliyochujwa ni safi lakini hafifu.

Ukibadilisha chochote kati ya hivyo, kizingiti kinapangwa upya. Namba zilizopita kwenye kichujio si zile ulizosoma kwenye picha ghafi.

Ukubwa wa doa sasa. Hapa hesabu ni nyepesi na watu bado wanakisia. Kamera yako ina pikseli 640 kwa upana kwenye fremu 60, au 320 kwenye fremu 120. Meza ni sentimita 100. Kwa pikseli 640, kila pikseli inafunika milimita 1.6 hivi, ncha ya kidole inayogusa ikiwa na upana wa milimita 10, ni pikseli sita kwenda upande, na eneo lake zima ni pikseli 30 na kitu. Kwa pikseli 320, kidole hichohicho ni pikseli tatu, na eneo lake ni nane tu. Nane! Chenga tatu zikishikana zimeshakaribia kuwa nusu ya kidole. Nasikia wengi wakisifia zile fremu 120, na kwa meza ndogo wana haki, lakini kwa mita moja baki kwenye 640. Ukubwa wa chini kabisa uweke kwenye 12 hivi, ili mtoto mwenye kidole chembamba asiachwe nje, na wa juu kabisa karibu 150, kidole kilicholala ubavu kipite lakini kiganja kisipite. Hizo ni namba za meza yako, zimetoka kwenye upana wake. Mwingine mwenye skrini nusu ya hiyo, kidole chake kina pikseli mara nne.

Kabla hujaendelea hakikisha lenzi imelenga vizuri, picha iwe kali. Mwanga wa infraredi haukutani mahali palepale pa mwanga wa kawaida nyuma ya lenzi, kwa hiyo kamera iliyokuwa kali kabla ya kutoa kichujio huwa na ukungu kidogo baadaye. Weka kitu chenye maandishi makubwa juu ya skrini, izungushe lenzi ukitazama picha ya infraredi yenyewe, na si picha ya mwanga wa projekta. Hapo nakumbuka kuuliza: umeweka kichujio cha kuzuia mwanga wa kawaida? Umesema umetoa, hukusema umeweka. Kutoa kile cha kiwandani kunaiwezesha kamera kuona infraredi. Hakuizuii kuona sinema ya projekta yako. Bila kichujio cha pili, kila picha inayobadilika kwenye skrini ni doa jipya. Kipande cha filamu ya zamani ya kamera, ile ya mwisho iliyoungua na kusafishwa ikatoka nyeusi, kinatosha kwa kuanzia. Viwili vikilaliana ni bora. Kichujio cha kiwandani kinachopitisha urefu wa mawimbi wa taa zako peke yake ni bora zaidi. Hakikisha tu vinalingana: taa za nanomita 850 na kichujio cha 940 ni sawa na kufunga macho.

Madoa yanayozuka baada ya nusu saa yana watuhumiwa wawili. Wa kwanza ni joto. Taa za LED zikipata moto hutoa mwanga pungufu kuliko zilipowashwa, na projekta ndani ya sanduku inazisaidia kupata moto. Mandharinyuma uliyohifadhi dakika ya kwanza si skrini ya dakika ya thelathini. Washa kila kitu, kanywe maji, rudi baada ya dakika ishirini, kisha bonyeza herufi b ili programu ichukue mandharinyuma upya. Wa pili ni jua, ambalo halihitaji kuingia moja kwa moja. Likihama ukutani mwa chumba linatosha. Jua na balbu za kizamani za waya vimejaa infraredi. Taa za kisasa za LED za dari zina kidogo sana, hivyo jaribu meza usiku chini ya hizo. Madoa yakipotea, umempata mwizi. Kama chumba hakiwezi kufungwa mapazia, kuhamia taa za 940 kunasaidia kwa sababu mvuke wa maji angani hunyonya sehemu ya jua kwenye urefu huo, ila kamera nazo huona 940 kwa udhaifu kuliko 850. Unapata hapa, unapoteza pale.

Programu inakupa pia mandharinyuma inayojifunza yenyewe polepole, na utashawishika kuiwasha umalize mambo. Iwashe, lakini kwa kasi ya chini kabisa. Ikijifunza haraka, mtu akituliza kidole mahali pamoja kwa sekunde kadhaa, kidole kinahesabiwa kuwa sehemu ya meza na kutoweka. Akikiondoa, pale panabaki namba ya juu isiyo na kidole, na mguso unaofuata unatolewa kwenye namba hiyo na kupotea. Skrini inakuwa na kovu la muda. Mtumiaji hawezi kuelewa kwa nini kitufe kilichofanya kazi sasa hivi kimekataa.

Kutetemeka nimekuweka nyuma makusudi, kwa sababu nusu yake itakuwa imeisha kwa hayo ya juu. Doa la pikseli nane likipoteza mbili ukingoni, kitovu chake kinahama waziwazi. La pikseli 30 likipoteza mbili halijali. Kinachobaki ndicho cha kulainisha, na kulainisha kuna gharama moja: kuchelewa. Ukichukua wastani wa fremu nane za mwisho, alama yako iko nyuma ya kidole kwa fremu tatu na nusu. Kwa fremu 60 hiyo ni karibu milisekunde 58, kwa fremu 30 ni 117, na mkono unaliona hilo: unachora mstari, nao unakufuata kama mbwa aliyechoka.

Kama unaandika programu yako mwenyewe upande wa pili, usitumie wastani wa kawaida. Tumia kichujio kiitwacho 1€ (euro moja) cha watafiti Casiez, Roussel na Vogel, cha mwaka 2012. Wazo lake ni la akili ya kawaida: kidole kikienda polepole jicho linaona mtetemeko, hivyo kilainishwe sana, kikienda kasi jicho linaona kuchelewa, hivyo kiachiwe. Kina vitu viwili vya kurekebisha: masafa ya chini ya kukata, yanayoamua kilainishe kiasi gani kidole kikiwa polepole, na beta, inayoamua kiachie kiasi gani kasi ikipanda. Weka beta iwe 0 na masafa ya chini ya kukata yawe hezi 1. Tuliza kidole kwenye skrini, punguza masafa hayo hadi alama itulie. Kisha peleka kidole kushoto na kulia kwa kasi, ukiongeza beta kidogo kidogo hadi alama iache kubaki nyuma. Ukibadilisha mpangilio huo, ukaanza na beta, utarudi mwanzo. Dakika tano, umemaliza.

Hapohapo ongeza ulinzi wa pili ambao wengi hawanao: kuingia na kutoka visiwe kwenye mstari mmoja. Mguso uanze doa likivuka, tuseme, 31, lakini usiishe mpaka lishuke chini ya 24. Au, ikiwa programu yako haina mistari miwili, doa likipotea lisubiriwe fremu tatu kabla ya kutangazwa limeondoka. Kwa fremu 60 ni milisekunde 50, hakuna atakayeihisi, na mtu anayeburuta picha kutoka upande mmoja hadi mwingine hataiangusha njiani.

Kuhusu kuburuta: upo mpangilio wa umbali ambao doa linaruhusiwa kuruka kati ya fremu moja na nyingine na bado likahesabiwa kuwa kidole kilekile. Mkono unaokwenda nusu mita kwa sekunde unasogea milimita 8 kila fremu ya 60, yaani pikseli tano za kamera yako. Mkono wenye haraka unafika mara tatu ya hapo. Ukiruhusu pikseli 20 uko salama. Ukiruhusu 60, vidole viwili vilivyokaribiana vitabadilishana majina, na picha anayotaka kuikuza itageuka juu chini.

Kusawazisha skrini, zile nukta unazozigusa moja baada ya nyingine, ni kazi ya mwisho. Ukisogeza kamera milimita mbili baada ya kusawazisha, umeharibu. Kaza skrubu zote kwanza. Na uguse nukta kwa kidole kilichosimama wima, kwa sababu kikilala, kitovu cha doa kinavutwa kuelekea mkononi na utakuwa umeifundisha meza kukosea kwa uaminifu.

Baada ya yote hayo, kama kitufe fulani bado hakiitiki, usirudi mbio kwenye kizingiti. Angalia dirisha la programu: doa lipo, liko mahali pake, lina namba moja isiyobadilika? Basi kamera imemaliza kazi yake. Kutoka hapo taarifa inasafirishwa kwenda programu nyingine kwa TUIO, lugha ya pamoja ya meza za kugusa, kupitia mlango wa mtandao wa 3333, nafasi ya kidole ikiwa ni namba kati ya 0 na 1, na anayeamua kwamba huo ni mguso au ni kuburuta ni programu inayopokea. Mara nyingi imeandikwa kwa ajili ya kipanya, ambacho hakitetemeki, kwa hiyo kusogea pikseli mbili tu inaona ni kuburuta, na mguso wako unatupwa. Irekebishe huko.

Leza? Si sasa. Ni kweli inaondoa ugomvi mwingi: mwanga unalala juu ya uso wa skrini kama utando wa milimita moja hivi, na kidole kinang'aa kinapoukata tu. Pembe na katikati hazipishani sana. Lakini inaleta yake. Kidole kimoja kinamficha mwenzake aliye nyuma, isipokuwa uwe na leza pande zaidi ya moja. Utando ukikaa juu kidogo, unarudi kwenye tatizo lako la kidole cha hewani, safari hii bila kichujio cha kukuokoa. Na macho: leza ya infraredi haionekani, kwa hiyo jicho halipepesi kujikinga kama linavyofanya kwa mwanga mkali. Ukiipanga bila miwani maalumu ya urefu huohuo wa mawimbi, unaweza kuumia usijue. Umeshanunua taa nne. Zigeuze kwanza zitazame ukuta, upime vyumba tisa, halafu unitumie safu zako mbili za namba. Nikiziona hizo nitakwambia kama leza ina faida kwako.